Chakula na Damu: Kazi ya Wanga, Protini na Mafuta

 Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vema, na redio inasikika mpaka nyuma. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano haya: WANGA, PROTINI, MAFUTA, INSULINI, KOLESTEROLI. Nitangoja.

(Muziki kidogo.)

Vema. Someni pamoja na mwalimu wenu, mara mbili. Msiogope neno refu. Neno refu ni kama mua. Hukatwa vipande vipande, kisha hutafunwa. Ko-le-ste-ro-li. Basi.

Leo nitaanza na habari ya nyumbani kwetu, maana ndiyo iliyonifanya nichague somo hili. Miaka michache iliyopita baba yangu alipimwa damu akaambiwa kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Akapewa vidonge, tena akaambiwa apunguze sukari. Baba ni mtu wa neno moja. Siku ile ile aliacha sukari katika chai, wala hakuirudia. Sote tulimsifu. Baada ya mwezi akapimwa tena, na sukari katika damu ilikuwa pale pale. Alikasirika sana. Akaniambia, "Mwanangu, mashine ile yasema uongo. Mimi sijaonja sukari tangu siku ile."

Mashine haikusema uongo, wala Baba hakusema uongo. Vijiko viwili vya sukari aliviacha kweli. Lakini chai chungu haikumshibisha, basi akawa anaongeza viazi asubuhi na matonge ya ugali jioni, na hakuna aliyemwambia kwamba viazi na ugali navyo vina habari na sukari. Hapo mimi, mwenye cheti cha chuo kikuu ukutani, nikampa shauri lililo baya kuliko la kwanza. Hilo nitawaeleza mbele kidogo. Kwanza tufanye jaribio.

Mwalimu amewagawia kila mtu kipande kidogo cha mkate mkavu au cha ugali usio na mboga. Kitieni kinywani. Tafuneni, lakini msimeze. Hesabuni kimoyomoyo, polepole, mpaka 60.

(Kimya.)

Haya, mezeni. Nani amesikia utamu? Si wote, lakini wengi wenu mmesikia utamu kidogo mwishoni, ambao haukuwapo mwanzoni. Umetoka wapi? Umetoka katika wanga. Wanga ni kama shanga nyingi za sukari zilizotungwa katika uzi mmoja. Zikiwa zimetungwa, ulimi hauonji utamu wake. Mate yana kitu kinachokata ule uzi, na utumbo mwembamba humaliza kazi. Kila shanga iliyoachana na wenzake ni sukari, nayo huingia katika damu. Mahindi, mchele, mihogo, ndizi za kupika, viazi, ngano, mtama: vyote hivi vina wanga mwingi. Ni vyakula vyema vya kutia nguvu, na babu zetu walilima na kupigana vita kwa nguvu hiyo. Lakini mtu mwenye kisukari anayeacha sukari ya kopo na kuongeza ugali amefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Akiwa hana ugonjwa na hajala tangu jana, sukari iliyomo katika damu yote hiyo ni kama gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Ni kidogo mno. Unga wa mahindi wa gramu 100 una wanga wa gramu 70 na zaidi. Gawanyeni 70 kwa 5. Mnapata 14. Basi unga huo, ambao kwa mkulima ni ugali wa kawaida wala si wa karamu, unataka kumimina vijiko 14 vya sukari mahali palipokuwa na kijiko 1.

Mbona basi sisi sote hatuugui? Kwa sababu ya insulini. Nyuma ya tumbo pana kiungo kiitwacho kongosho. Sukari inapopanda katika damu, kongosho hutoa insulini, nayo huiambia misuli na ini, "Fungueni milango, pokeeni mzigo." Sukari huondoka katika damu ikaenda kutumika au kuwekwa akiba. Kwa mtu mwenye kisukari, ama insulini haipo, ama ipo lakini milango imekuwa migumu, wala haiisikii sauti yake. Insulini yenyewe ilipatikana mjini Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best wakiwa na wenzao. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, aliyekuwa amekonda kwa ugonjwa huo na karibu kufa, alichomwa sindano ya insulini, akapata nafuu. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha namna hiyo alikuwa akingojewa kufa tu.

Haya ni ya wanga. Je, protini na mafuta? Na wataalamu wamejuaje kazi ya kila kimoja, hali sahani moja huwa na vyote vitatu? Hapa nataka msikilize sana, maana hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea pia.

Ukitaka kujua kama ni mbolea iliyoongeza mahindi yako, hupandi shamba moja kwa mbegu mpya, mbolea mpya na maji mapya kwa pamoja. Utapata mahindi mengi, lakini hutajua umshukuru nani. Unapanda vipande viwili vilivyo sawa kwa kila kitu, kisha unaongeza mbolea katika kimoja tu. Wachunguzi wa chakula hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake, huko huko Toronto, walitangaza kipimo chao. Mtu asiyekula tangu usiku hupewa chakula kimoja chenye wanga wa gramu 50. Kisha hutolewa tone la damu, tena na tena, kwa muda wa saa 2. Siku nyingine mtu yule yule hupewa gramu 50 za sukari tupu ya glukosi, naye hupimwa vile vile. Sukari tupu hupewa alama 100, na kila chakula hulinganishwa nayo. Ikaonekana kwamba wanga wote hauendi kwa mwendo mmoja. Wanga wa mkate mweupe na wa viazi hukimbia. Wanga wa maharage na dengu hutembea polepole, kwa sababu umefungwa ndani ya nyuzinyuzi, na utumbo hukawia kuufikia.

Protini, yaani chakula cha kujenga mwili kama samaki, nyama, mayai na kunde, hupandisha sukari kidogo tu. Mafuta yakiliwa peke yake karibu hayaipandishi kabisa. Tena vyote viwili hukifanya chakula kikae tumboni muda mrefu zaidi, kwa hiyo sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Ndiyo maana kipande cha ugali na maharage mengi hakimpi mwenye kisukari taabu ile ile anayoipata kwa ugali mkubwa na mchuzi mwembamba.

Watu hupenda kuniuliza juu ya dona. Dona ni bora kuliko sembe, maana ina kiini na pumba, na ndani yake mna nyuzinyuzi na vitamini. Lakini dona nayo imesagwa, na wanga wake ni mwingi. Mlima wa dona ni mlima.

Sasa tazameni mezani pa mwalimu. Pana bilauri ya maji na kijiko cha mafuta ya kupikia. Mwalimu, mimina mafuta katika maji, ukoroge, kisha uache.

(Muziki kidogo.)

Mnaona? Mafuta yamerudi juu. Damu nayo ni kama maji, na kolesteroli ni kitu chenye asili ya mafuta. Haiwezi kusafiri katika damu peke yake; lazima ipakiwe katika mitumbwi. Kuna mitumbwi ya namna mbili ambayo daktari huitaja. Ya kwanza huitwa LDL, nayo huchukua kolesteroli kutoka katika ini na kuipeleka mwilini. Ikizidi, hukwama katika kuta za mishipa, na mishipa huziba kidogo kidogo kama bomba lenye kutu. Mshipa wa moyo ukiziba, moyo hukosa damu. Wa ubongo ukiziba, mtu hupooza. Ya pili huitwa HDL, nayo hurudisha kolesteroli kwenye ini. Ndiyo sababu watu huiita ya kwanza kolesteroli mbaya na ya pili kolesteroli nzuri. Lakini msidhani kolesteroli ni sumu. Mwili hauwezi kuishi bila yake, na sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini mwenu imetengenezwa na mwili wenyewe.

Je, ni chakula gani kinachoongeza ile mbaya? Hapo zamani ilidhaniwa kwamba ni kolesteroli iliyomo ndani ya chakula, kama kiini cha yai. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov, mtaalamu wa Urusi, aliwalisha sungura kolesteroli, na mishipa yao ikaharibika. Lakini sungura ni mla majani. Mwili wake haukuzoea kolesteroli ya kuliwa. Kwa binadamu, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapa wanaume waliokuwa wakiishi hospitalini chakula kilichopimwa, wakibadilisha mafuta tu, na mwaka 1965 wakaeleza waliyoyaona. Aina ya mafuta ilikuwa na nguvu kuliko kolesteroli ya chakula. Mafuta yanayoganda yalipandisha kolesteroli ya damu, na mafuta mengi yasiyoganda yaliishusha. Tena gramu kwa gramu, nguvu ya kupandisha ilikuwa kama mara mbili ya nguvu ya kushusha.

Mafuta yanayoganda mnayajua kwa macho. Samli huganda, na mafuta ya ng'ombe huganda sahanini kabla hujamaliza kula. Mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 za joto. Mtu wa Tanga huyaona maji mchana kutwa, lakini mtu wa Njombe akiyaweka dirishani asubuhi atayakuta meupe kama sabuni. Mawese yako katikati, karibu nusu yake ni ya namna ile inayoganda. Mafuta ya alizeti, ya ufuta na ya karanga hubaki maji. Sisemi mtu wa pwani aitupe mbuzi yake ya kukunia nazi. Nasema ajue kilichomo chunguni, na asiweke tui zito katika kila chakula cha kila siku.

Hapa najua kuna ndugu mmoja nyuma anayetaka kuuliza: "Na Wamasai, je?" Swali zuri, na si wewe wa kwanza kuliuliza. George Mann, daktari wa Marekani, alikuja Tanganyika na wenzake wakawapima wanaume wa Kimasai 400. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1964. Watu hawa walikuwa wakinywa maziwa mengi na kula nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini, wala dalili za ugonjwa wa moyo hazikuonekana. Wengine wakashangilia, wakasema mafuta hayana neno. Lakini mwaka 1972 Mann na wenzake walieleza habari za mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa, na mishipa yao ilikuwa na madoa ya mafuta na ugumu pia. Jambo ni kwamba mishipa hiyo ilikuwa mipana, hata damu ikapata njia. Sasa ni nini kilichowaokoa? Je, ni kutembea mchana kutwa nyuma ya ng'ombe? Ni kuwa wembamba? Ni kurithi? Huwezi kujua kwa kuwatazama tu, maana Mmasai yule alitofautiana na karani wa mjini kwa mambo mengi, si kwa maziwa peke yake. Ni lile shamba lenye mbegu mpya, mbolea mpya na maji mapya.

Kwa hiyo nawapenda zaidi wachunguzi wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan. Habari yao ni ya mwaka 1990. Walichukua watu 59, wanawake 34 na wanaume 25, wasio na ugonjwa. Kila mmoja alikula chakula cha namna tatu, kila namna kwa wiki 3. Chakula kilikuwa sawa kwa karibu kila kitu. Sehemu 1 katika 10 tu ya nguvu yake ndiyo iliyobadilishwa. Mara ya kwanza ilikuwa ya mafuta kama yale ya zeituni, mara nyingine ya mafuta yanayoganda kwa asili, na mara nyingine ya mafuta maji yaliyogandishwa kiwandani. Wengine walianza na hiki, wengine na kile, ili utaratibu usiwadanganye. Ikaonekana kwamba mafuta yanayoganda kwa asili yaliongeza ile mitumbwi mibaya. Yale ya kiwandani yaliiongeza pia, tena yakapunguza ile mizuri. Ni hasara mara mbili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe mafuta hayo ya kiwandani katika chakula.

Tazameni walivyofanya Waholanzi wale. Hawakuondoa kitu wakaacha pengo. Waliondoa kimoja, wakaweka kingine mahali pake, kwa kipimo kile kile. Na sisi jikoni, tukitaka tusitake, hufanya hivyo hivyo, maana tumbo halikubali pengo. Mtu akiondoa samli akaweka mafuta ya alizeti, kolesteroli mbaya hushuka, na moyo hufaidika. Akiondoa samli ile ile akaweka mkate mweupe na soda, kolesteroli mbaya hushuka kidogo, lakini ile nzuri nayo hushuka, na mafuta mengine ya damu yaitwayo trigliseraidi hupanda. Moyo haukupata faida. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nimeacha chakula fulani," muulize mara moja, "Na mahali pake umeweka nini?"

Laiti ningemwuliza Baba swali hilo. Sasa nitawaambia lile shauri langu. Nilipoona kwamba ugali ndio uliokuwa unampandisha sukari, nilimwambia, "Baba, acha wanga wote. Kula nyama, mayai na samli, ushibe." Akanitii, maana mimi ndiye niliyesoma. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Mama alimkuta uani anatetemeka, jasho linamtoka, na maneno yake hayaeleweki. Tukampima: 3.1. Watu wanasema sukari ya chini ndiyo njema. Lakini chini ya 4 mwenye vidonge yuko hatarini. Vidonge alivyokuwa akimeza ni vya namna inayoihimiza kongosho kutoa insulini, mtu ale asile. Mimi nilikuwa nimeondoa ugali, nikaviacha vidonge vile vile. Mama hakungoja shauri langu lingine. Alikoroga vijiko 3 vya sukari katika maji, akamnywesha, na baada ya dakika 15 Baba akauliza kwa nini tumemzunguka.

Andikeni jambo hili katika madaftari: mwenye kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, mpeni sukari katika maji, mngoje dakika 15, kisha mpeni tena kama hajapata nafuu. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote kinywani, mkimbizeni hospitali. Na mtu anayemeza vidonge vya kisukari au kuchoma insulini asibadilishe chakula chake kwa ghafula kabla ya kusema na daktari, ili dawa nayo ipimwe upya.

Baba alirudi kwenye ugali kidogo, lakini samli ilibaki, maana ilikuwa tamu na hakuna aliyeitaja. Miezi michache baadaye alipimwa kolesteroli, na LDL ilikuwa imepanda. Ndipo mimi nilipoacha kutoa amri. Nilimnunulia daftari la mistari. Baba alijifunza kusoma akiwa mtu mzima kama ninyi, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Katika kila ukurasa alipiga mstari katikati. Upande wa kushoto huandika "Nimeondoa", upande wa kulia "Nimeweka", na chini huandika sukari ya asubuhi kabla ya kula. Hubadilisha jambo moja tu kwa wiki, na daftari huenda naye kwa daktari. Ukurasa mmoja wasema: Nimeondoa nusu ya ugali, nimeweka maharage na mchicha. Mwingine wasema: Nimeondoa samli, nimeweka alizeti, kijiko, si chupa. Maneno hayo ya mwisho ni ya Mama.

Asubuhi asipokula, mtu asiye na kisukari huwa chini ya 6 au karibu yake, na kipimo cha 7 na zaidi, kikirudiwa, ndicho madaktari wanachokiita kisukari. Kama hujapimwa, na unakojoa mara nyingi, una kiu isiyoisha, au unakonda bila sababu, usingoje juma lijalo. Nenda kituo cha afya kesho.

Kazi ya nyumbani ni hii. Pigeni mstari katikati ya ukurasa kama Baba. Andikeni chakula kimoja mnachokula kila siku ambacho mngeweza kukipunguza, na mbele yake mwandike kitakachokaa mahali pake na bei yake sokoni. Anayesaidiwa kuandika na mtoto wake asione haya. Juma lijalo, siku na saa zile zile, tutasoma juu ya chumvi na shinikizo la damu. Mwalimu wa darasa, tafadhali lete kijiko cha chai na pakiti ya chumvi. Kwaherini.